Diploma ya udaktari ya ng'ambo haifungui kabine

Malalamiko yamezidi. Kijana anarudi Lubumbashi na diploma ya India, China au Uganda, wazazi wamekwisha kodi nyumba ya kabine (mahali pa kutibia) na kuchoresha kibao cha "Munganga", kisha wanaambiwa bado haruhusiwi kutibu. Sisi madaktari tunaowaambia hivyo tunaitwa wenye wivu.

Kinachowapoteza wengi ni kuhesabu miaka. Mfumo wetu wa zamani hapa Kongo, graduat (ngazi ya kwanza) na doctorat (ngazi ya udaktari), ulikuwa wa miaka 7. India ni 4 na nusu, halafu mwaka 1 wa staji, yaani mazoezi ya kazi hospitalini. Uganda na Tanzania ni 5, na staji juu yake, lakini huko mwanafunzi huingia chuoni akiwa amemaliza kidato cha sita. Kwa hiyo miaka 7 ya kwetu si lazima iwe mafunzo makubwa kuliko 5 ya huko. Ulizeni staji: ilifanyika wapi, nani alisimamia, kwa lugha gani? Aliyefundishwa China kwa Kiingereza, huku wagonjwa wakiongea Kichina, anaweza kumaliza vitabu vyote bila kuzoea kumwuliza mama homa ya mtoto ilianza lini.

Wengine hutuonyesha simu: "Chuo kimo katika orodha ya dunia!" Orodha hiyo ya vyuo vya udaktari (World Directory of Medical Schools), iliyotolewa 2014, inaonyesha chuo kipo. Haithibitishi ubora, na wenye orodha wameandika hivyo wenyewe. Someni basi.

Utaratibu ni huu. Kwanza ekivalansi, cheti kwamba diploma ya ng'ambo ni sawa na ya hapa, inayotolewa na wizara ya elimu ya juu: leteni diploma, alama za kila mwaka, cheti cha staji, na tafsiri ya Kifaransa. (Tafadhali, msiibandike diploma plastiki, muhuri hauingii.) Ekivalansi hutambua masomo tu, haitoi ruhusa ya kutibu. Ruhusa hutokana na kuandikishwa katika Oda ya Madaktari, chombo kinachosimamia madaktari wa nchi, iliyoundwa kwa sheria ya tarehe 1 Machi 1968. Kabla ya hapo hakuna kuandika dawa, hakuna kupasua, hakuna kusaini cheti cha kifo, hata kwa muhuri wa mjomba aliye daktari. Kutibu bila kuandikishwa ni kosa linalofika mahakamani. Na huyo mjomba naye ataitwa mbele ya Oda: anaweza kukaripiwa, kusimamishwa, au kufutwa kabisa.

Wenye watoto ambao bado wako masomoni, waambieni daftari la staji lisainiwe kila wanapotoka wodi moja kwenda nyingine. Msimamizi akiisha hama hospitali, kumtafuta kutoka hapa ni kazi ya miezi.