Ubunifu wa kichezo: maana yake na jinsi ya kuutia katika kazi

Ubunifu wa kichezo ni kufanya jambo kwa sharti la makusudi, ndani ya muda mfupi na kwa hasara ndogo, ili uione njia ambayo mazoea yasingekuonyesha. Dhana nzima imebebwa na vitu vitatu: sharti, muda na hasara. Kimoja kikikosekana, kinachobaki kinaweza kuwa burudani, kazi ya kila siku au kubahatisha.

Wengi wakisikia mchezo unaingizwa kazini hufikiria vicheko, kuta za rangirangi na mapumziko marefu. Hayo hayana ubaya, ila hayahusiani sana na jambo lenyewe. Mtazame anayecheza bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64, kanuni nyingi za lini ule kete za mwenzako na lini utakate tu, yaani usogeze bila kula. Hacheki. Amekunja uso, anahesabu, na hata chai yake imepoa. Amezama kwa sababu kanuni zimembana vya kutosha, na kwa sababu akifungwa hapotezi chochote zaidi ya maneno ya watazamaji.

Sharti ndilo linaloamsha akili

Uhuru mwingi huzaa mawazo yale yale. Mwambie mtu aandike chochote, ataandika alichokwisha kukisoma mahali. Mwambie aieleze ndizi bila kutaja tunda, rangi wala ganda, na hapo ataanza kutafuta. Mtegaji wa kitendawili hufungwa na kanuni ya namna hiyo: kitu kisitajwe, lakini kila neno likihusu. "Kuku wangu katagia mibani" ni nanasi. "Nyumba yangu haina mlango" ni yai. Anayeshindwa hutoa mji, mtegaji akajitapa nao kidogo, kisha akafichua jibu. Hasara ipo, kila mtu anaiona, lakini haimuumizi mtu.

Ushairi wa arudhi unaonyesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na kwa kawaida kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16, nane kwa nane, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Chukua mshororo huu: "Kazi yangu naipenda, nayo yanipa riziki." Ukisema "ninaipenda" kipande cha kwanza kinafika mizani tisa na mshororo umevunjika. Malenga aliyebakiwa na nafasi ya mizani mbili hawezi kuweka "mtoto", maana ni tatu. Anaweza kuweka "mwana". Na "mwana" likishaingia linaleta habari za ukoo, malezi na wosia, mambo ambayo hakuyapanga alipokaa kuandika. Neno lililetwa na hesabu, likaja na maana yake. Sharti linaziba njia uliyoizoea, nawe inakubidi upite pembeni.

Katika uchoraji, Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Rangi ya aina hiyo haifai kwa vivuli laini vinavyofifia polepole. Inafaa kwa eneo moja lililojaa rangi moja, mstari ulio wazi na vidoti. Alifariki mwaka 1972, lakini wafuasi wake wanaendelea kuchora kwa mtindo huo hadi leo, ikiwa ni pamoja na wengi ambao wangeweza kununua rangi nyingine.

Hapa tuweke mpaka. Vifaa duni si mchezo. Katambuga za matairi na koroboi za makopo ni ubunifu mkubwa, ila ni ubunifu wa shida: sharti hukulichagua, na ukikosea unakwenda pekupeku au unalala gizani. Kuusifu ufukara kuwa ni chuo cha ubunifu ni kuwakosea adabu walio ndani yake. Katika ubunifu wa kichezo sharti unajiwekea mwenyewe, na unaweza kuliondoa.

Muda, na kwa nini majibu ya mwanzo hayatoshi

Mwanasaikolojia wa Marekani J. P. Guilford alikuwa na jaribio ambalo limesambaa sana: taja matumizi mengi uwezavyo ya tofali. Majibu ya mwanzo karibu kila mara ni ya kujengea, kuzuia mlango, kukalia. Yasiyo ya kawaida huja baadaye, ghala la mazoea likishakauka. Kwa hiyo usijiombe mawazo matano, jiombe 15. Yale ya kati, kuanzia la sita hadi la kumi hivi, huwa mabaya na ya kuchosha, na watu wengi huacha hapo wakiamini kwamba wao si wabunifu. Kumbe ndiyo kwanza wamefika mlangoni.

Dakika 10 hadi 20 zinatosha kwa mzunguko mmoja. Ukitoa dakika tatu utapata mazoea matupu. Ukitoa saa nzima watu wataanza kuyapamba mawazo mawili waliyoyapenda badala ya kutafuta mengine. Weka saa mezani, ikilia acha, hata kama sentensi haijaisha.

Hasara ndogo: mfano wa vitumbua

Mpishi aliyechanganya rojo la kilo mbili za mchele hana sababu ya kulijaribia wazo jipya lote. Achote kikombe kimoja, kama mililita 250, akiweke pembeni kabla hajatia hiliki. Kwenye kikombe hicho abadilishe kitu kimoja tu: badala ya hiliki atie ganda la limau lililokunwa, nusu kijiko cha chai. Akaange vichache, avionjeshe pamoja na vile vya siku zote, na wanaoonja wasiambiwe kipi ni kipya. Wakiambiwa watampa adabu badala ya maoni.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kubadilisha vitu viwili kwa pamoja. Ukiondoa hiliki na papo hapo ukaongeza sukari, kitumbua kikitoka kibaya hutajua umlaumu nani. Sukari hasa ina tabia yake: ikizidi, upande wa nje hubabuka mapema na ndani kukabaki kubichi, hivyo mtu hulaumu limau lisilo na hatia. Andika kiasi, ukali wa moto na matokeo kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Bila kuandika, utayarudia majaribio yale yale baada ya miezi miwili ukidhani ni mapya.

Fundi cherehani anaweza kufanya vivyo hivyo kwa mabaki ya vitenge. Sharti zuri ni hili: tumia vipande vilivyomo mfukoni tu, visizidi upana wa kiganja, na vipande viwili vya rangi moja visikaribiane. Ila mchezo haufuti hesabu ya mshono. Kipande cha mraba cha sentimita 10, kikishonwa pande zote kwa kuacha sentimita moja, kinabaki sentimita 8. Asiyelikumbuka hilo huishia na mfuko usioingia daftari. Pamba isiyofuliwa bado inaweza kunywea ikiguswa na maji wakati polista iliyo ubavuni mwake haibadiliki, na kazi yote ikajikunja. Fua mabaki kwanza, piga pasi, ndipo ucheze. Na kipande kilichokatwa mshazari huvutika kikipita chini ya mguu wa cherehani, basi kiweke upande usiobeba uzito.

Kazini kwenye wakubwa na wadogo

Ofisini ndiko mchezo unakokufa haraka, na kinachouua huwa ni cheo. Bosi akisema wazo lake mwanzoni, kikao kimekwisha. Yanayofuata ni maneno ya kuliunga mkono. Dawa ni taratibu, hotuba za kuwatia watu moyo hazisaidii. Kila mtu apewe karatasi ndogo tano zisizo na jina. Dakika tano za kimya, wazo moja kwa karatasi. Karatasi zichanganywe kwenye bakuli na zisomwe na mtu mmoja kwa sauti moja, zote, hata za upuuzi. Mkubwa aseme mwisho.

Kuandika kabla ya kusema kuna ushahidi nyuma yake. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba watu waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha majibu yao yakakusanywa, walitoa mawazo mengi kuliko idadi ile ile ya watu walioketi pamoja wakichangia kwa mdomo. Kwenye kundi, mmoja akizungumza wengine wanasubiri, na katika kusubiri wanasahau au wanajichuja.

Sharti la kikao nalo lichaguliwe kwa tatizo lililopo. Kama foleni ya wateja ni ndefu, usiulize "tuboreshe vipi huduma", swali ambalo limechakaa. Uliza: tungefanyaje kama tusingeruhusiwa kuwa na dirisha hata moja? Au: tungefanyaje kama tungetaka foleni iwe ndefu zaidi? La pili huchekesha, na watu hutaja kwa furaha kila kitu kinachochelewesha kazi: fomu inayojazwa mara mbili, mhuri unaofungiwa kabatini, mashine ya nakala iliyo ghorofa nyingine. Geuza orodha hiyo kichwa chini, tayari una mambo ya kurekebisha. Kwa maoni yetu hii ndiyo mbinu yenye faida kuliko zote kwa ofisi za watu waoga, kwa sababu hakuna anayelaumiwa. Kila mtu anacheza uharibifu.

Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hana nafasi ya kusogeza madawati, na hahitaji. Baada ya somo, kila wawili wanaokaa pamoja watege kitendawili kuhusu dhana waliyojifunza, kwa dakika nane. Kwa somo la mvuke na mvua mtu anaweza kutega: "Ametoka sufuriani kimya, amerudi juu ya bati kwa kelele." Kitendawili kizuri kina vidokezo viwili angalau, kimoja cha kupoteza na kimoja cha kubana. "Kina miguu minne" hakifai, maana kinaweza kuwa meza, mbuzi au kitanda. Mwalimu akirudisha kitendawili kama hicho aseme wazi kwamba kinakosa cha kubana. Faida yake kubwa ni kwamba mwanafunzi hawezi kumtegea mwenzake asichokielewa. Makosa ya kuelewa yanaonekana palepale.

Kinachouharibu

Tuzo iliyotangazwa mapema ni ya kuangaliwa sana. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio lao la watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora. Waliochora baada ya kuahidiwa cheti baadaye walichagua kuchora kwa muda mfupi zaidi kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupungukiwa hamu. Ukitaka kutoa zawadi, itoe bila kuitangaza, na usiifanye desturi.

Amri nayo inaua. "Ijumaa saa nane wote tutakuwa wabunifu" ni kikao kingine tu chenye jina zuri. Mtu awe na haki ya kukaa pembeni bila kuulizwa. Wengi wa wanaokaa pembeni hujiunga wenyewe wakiona hakuna anayechekwa.

Kuchuja mapema ni tatizo la tatu, na kutochuja kabisa ni la nne. Mawazo yapokelewe yote kwanza. Kisha baada ya mapumziko, ikiwezekana siku ya pili, yapitiwe bila huruma: lipi linaweza kujaribiwa ndani ya wiki moja, kwa fedha iliyopo, na likishindwa hakuna atakayeumia? Kati ya 15 huenda likabaki moja au mawili. Kikundi kinachopenda awamu ya kwanza tu hugeuka kuwa baraza la soga.

Yapo mambo yasiyochezewa. Kipimo cha dawa, breki za gari, nyaya za umeme, vitabu vya hesabu. Jikoni vilevile: kubuni chakula kipya kutokana na wali uliobaki ni sharti zuri, lakini wali uliolala nje usiku kucha si wa kujaribia. Sumu ya baadhi ya bakteria wa wali haitoki hata ukiupasha moto upya. Uliobaki upoozwe upesi na uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kama friji hakuna, upikwe wa kutosha mlo mmoja na mchezo ufanywe kwenye kitu kingine.

Sharti lolote huchakaa. Swali la kugeuza kichwa chini likiulizwa kila mwezi, watu huja na majibu mfukoni. Ukiona mawazo matano ya kwanza yanafanana na ya kikao kilichopita, liweke sharti hilo kando kwa miezi kadhaa na uchukue jingine, au mwachie mgeni wa kikundi achague.