"Mama subiri nje": tunayodanganyana kuhusu mzazi kubaki na mtoto emajensi

Mlango unafungwa, mtoto analia ndani, wewe uko koridoni na kiatu chake mkononi. Watu wameizoea hii mpaka wanaona ndo utaratibu wa kitabibu, na sio kweli.

Dhana: mzazi akiwepo atawasumbua madaktari, huduma itachelewa.
Hii ndo inayosemwa kuliko zote. Hospitali ya Foote kule Michigan, Marekani, ilianza kuruhusu ndugu waingie hata pale mgonjwa anapokandamizwa kifua ili moyo uliosimama urudi kudunda, hiyo ni tangu 1982, baada ya ndugu kugoma kutoka. 2013 ukatoka utafiti wa Ufaransa wenye ndugu 570 wa watu wazima waliosimama moyo nyumbani, na waliopewa nafasi ya kuwepo walikuwa na dalili chache za kiwewe siku 90 baadaye, halafu kazi ya timu haikuharibika wala stress yao haikupanda. Sawa, hao ni watu wazima, ila hata kwa watoto walioletwa na majeraha imepimwa na kasi ya matibabu haikupungua mzazi akiwepo. Kinachosaidia ni nesi mmoja awe wa mzazi tu, amwoneshe pa kusimama, amwelezee kinachofanyika, na amtoe kama kweli amezidiwa.

Dhana: akimwona mama ndo analia zaidi.
Inatokea, ndio. Lakini analia kwa sababu kapata mtu wa kumlilia jamani! Mtoto aliyenyamaza kati ya watu asiowajua sio lazima ametulia, anaweza kuwa ameganda kwa woga, na huo ukimya tunauita "mtoto mzuri".

Dhana: kazi yako ni kumbana asitingishike.
Hapana. Wa kumshika ni wahudumu, wewe ni wa kumtuliza. Kama ni kuwekewa dripu au kushonwa, uliza kama anaweza kukaa mapajani kifua kwa kifua, umkumbatie huku mkono mmoja wanaufanyia kazi. Na usimwambie "haiumi", maana itauma na hatokuamini sindano ya pili. Mwambie itauma kidogo, nipo, tuhesabu wote.

Dhana: mzazi anayetoka hampendi mwanae.
Si kweli kabisa, wengine damu inawaangusha na mzazi aliyezimia anakuwa mgonjwa wa pili. Ukisikia kizunguzungu kaa chini, ukishindwa toka, mwachie shangazi au baba yake, ukipata nguvu uombe kurudi. Na kuna pa kutoka kweli, kama eksirei ukiwa mjamzito, au akipelekwa kupasuliwa.

Sasa ukifika pale mlangoni usigombane, sema hivi: "Naomba nibaki, nitasimama mtakaponiambia, nikiwazuia nitoeni." Wakikataa, uliza sababu, na uombe mtu wa kukuletea taarifa kila baada ya dakika chache, pia mwambie mtoto uko mlangoni kabla hawajaufunga.