Omu nyingi si kinga ya ampu ya valvu

Wiki hii nimefungua tena ampu (kikuza sauti) ya gitaa inayotumia valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti, yenye transfoma ya spika iliyoungua. Kabati la spika lilikuwa la omu 16 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), swichi ya nyuma ya kuchagua omu iko kwenye 4, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Mwenye gitaa akaniambia nililokwisha kulisikia mara nyingi mno: "Fundi, mbona omu za kabati ni nyingi kuliko za ampu? Si ndiyo salama?"

Ni salama kwa ampu ya transista. Hiyo hutoa volteji isiyobadilika sana, kwa hiyo ukipunguza omu mkondo unaongezeka na transista zinachemka. Ikiandikwa "omu 4 au zaidi", ukichomeka kabati la 8 au 16 utapoteza wati tu. Kanuni hiyo ibaki hukohuko.

Kwenye ampu ya valvu, katikati ya valvu na spika kuna transfoma. Valvu mbili za aina ya EL34 zinazofanya kazi pamoja hutaka kuona mzigo wa karibu omu 3,400, na spika ina 8. Transfoma inaziba pengo hilo kwa mraba wa uwiano wa mizunguko ya koili zake: mizunguko 20 na ushei upande wa valvu kwa kila mmoja upande wa spika. Lakini yenyewe haina omu zake. Inazidisha tu kile ulichokichomeka. Weka kabati la 16 mahali pa 4, na valvu zitaona zaidi ya omu 13,000.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Valvu inapokata mkondo ghafla, nguvu ya sumaku iliyojaa kwenye koili lazima itokee mahali, na kabati haliichukui ya kutosha. Volteji inapanda kupita volti 1,000 na kujitafutia njia. Mara inaruka kwenye soketi ya valvu na kuacha mstari mweusi wa kaboni, mara inatoboa kihami ndani ya transfoma. Soketi nitabadilisha mchana mmoja. Transfoma ni habari nyingine.

Omu zikiwa chache kuliko swichi, valvu hubeba mkondo zaidi na kuchakaa mapema. Tofauti ya mara mbili, kama 8 kwenye 4 au 8 kwenye 16, ampu nyingi zilizoundwa vizuri huivumilia. Mimi bado nasema linganisha, swichi imewekwa kwa kazi hiyo. Ukilazimika kukosea kwa ampu ya valvu, kosea kwenye omu chache.

Kutochomeka spika kabisa ni omu nyingi kupita zote. Wengine hujitetea kwamba sauti ilikuwa sifuri. Ampu isiyo na mzigo inaweza kuanza kujitetemesha yenyewe bila gitaa kuguswa. Ampu nyingi za Fender hufunga tundu la spika kwa shoti plagi isipokuwepo, kwa sababu transfoma huvumilia shoti kuliko uwazi. Usidhani yako inafanya hivyo. Spika kwanza, umeme baadaye.

Yapo na mengine ninayoambiwa. "Makabati mawili ya 8 yanakuwa 16." Yakiunganishwa kwa mfuatano, ndiyo. Matundu mawili nyuma ya ampu karibu yote yako sambamba, kwa hiyo unapata 4. La 8 na la 16 kwa pamoja ni 5.3, na lile la 8 linakula wati mara mbili ya mwenzake.

"Multimita imesoma 6.5, spika ya 8 imekufa." Spika ni nzima. Multimita hupima ukinzani wa waya wa koili kwa umeme mnyoofu. Impidansi, yaani omu za spika inapopiga, hupandashuka kadiri sauti inavyokuwa nene au nyembamba: kwenye mlio wa asili wa spika, karibu na hezi 80 au 100, spika hiyohiyo inaweza kupita omu 50. Hiyo 8 ni jina la kundi.

"Waya wa gitaa unatosha kwenye kabati." Hautoshi! Uzi wake wa kati ni mwembamba, umeundwa kubeba mkondo mdogo mno wa pikapu, kile kifaa cha gitaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi. Ukikatika katikati ya wimbo, ampu yako ya valvu imebaki bila spika, na transfoma iko hatarini vilevile. Nunua waya wa spika wenye nyuzi mbili nene, uupake alama ya rangi kwenye plagi zote mbili, na usiuweke mfuko mmoja na nyaya za gitaa.