Presha mlangoni: mnayouliza huku Kigoma

Mimi siumwi. Wananipima nini?
Hao ni wapimaji wa utafiti wa presha na kisukari, wanaopita nyumba kwa nyumba, na wewe usiyeumwa ndiye wanayemtafuta. Daftari la hospitali linawajua waliofika hospitali tu, na presha kwa kawaida haiumi. Mtu anaweza kupakua dagaa Kibirizi miaka kumi akiwa nayo, hadi asubuhi moja mkono ukatae kunyanyuka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, wa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu 26 katika kila 100 wana presha ya juu, na 9 wana kisukari.

Kwangu wamebisha hodi, jirani wamemruka. Kwa nini?
Ni bahati nasibu: huchaguliwa maeneo, kisha kaya, kisha mhusika. Ukiwa ziwani, shangazi hawezi kupimwa badala yako, hata akiwa na hamu kiasi gani. Wakipimwa wenye hamu tu, hesabu imeharibika.

Mbona presha wanapima mara tatu?
Mgeni yuko sebuleni, mkanda unabana mkono, watoto wanachungulia dirishani: kipimo cha kwanza mara nyingi hupanda. Kwa hiyo unakaa kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo. Huchukuliwa wastani wa vipimo viwili vya mwisho. 140 kwa 90 kwenda juu, hiyo ni presha. Damu ya kupima sukari hutolewa kidoleni asubuhi, hujala kitu tangu usiku. Chai ya maziwa nayo ni kula, jamani.

Kwa hiyo hata Kigoma ni 26 kwa 100?
Usiseme hivyo. Hiyo ni picha ya nchi, huwezi kuibandika Mwanga au Kasulu. Mkoa kusemewa peke yake unahitaji watu wake wa kutosha kwenye sampuli, yaani kati ya waliochaguliwa kupimwa.

Namba hizo zinatusaidia nini?
Zinaonyesha pa kuanzia: mashine ya presha na dawa vifike zahanati, si kusubiri waliopooza wodini. Utafiti ukirudiwa kwa njia ileile, tutajua kama tunapanda au tunashuka.

Na mawese yetu?
Sikuambii uache. Ila karibu nusu ya mafuta yake ni yale mazito yasiyoupenda moyo, basi pima kwa kijiko, usiinamishe chupa. Chumvi, hata ya Uvinza tunayojivunia, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima kwa siku, pamoja na ile iliyomo kwenye samaki wa chumvi.