Ulitibiwa mguu kifundo utotoni: maswali ya ukubwani

Nilizaliwa na mguu kifundo, yaani wayo uliopinda kwa ndani na chini, nikanyooshwa nikiwa mchanga. Mbona sasa nimevuka miaka 30 unauma?

Uliza kwanza ulitibiwa kwa njia gani, maana majibu mengi yanaanzia hapo. Katika njia ya Dkt. Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, wayo hunyooshwa taratibu kwa plasta zinazobadilishwa takriban kila wiki, kano ya kisigino hukatwa kwa tundu dogo ikihitajika, kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma. Wagonjwa wa njia hiyo walifuatiliwa hadi ukubwani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1995: asilimia 78 walikuwa na matokeo mazuri au mazuri sana, ikilinganishwa na asilimia 85 ya watu waliozaliwa na miguu ya kawaida. Binafsi naona tofauti hiyo ni ndogo mno.

Waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa kufungua viungo vya wayo hali yao ni nyingine. Makovu ya ndani hukaza mguu, gegedu (tishu laini inayokinga ncha za mifupa kwenye kiungo) husagika mapema, na wengi huumwa wangali vijana. Si uzembe wako, wala wa mama yako.

Shavu la mguu huo ni jembamba na wayo ni mfupi. Walikosea?

Hapana. Hubaki hivyo hata matibabu yakifanikiwa kabisa. Mazoezi huongeza nguvu, ila hayasawazishi ukubwa. Ukihitaji viatu vya saizi mbili, vaa bila aibu.

Unaweza kupinda tena?

Kurudi kwa kilema ni jambo la utotoni zaidi. Mtu mzima ambaye wayo wake unaanza kubadilika umbo, hasa akihisi ganzi au udhaifu, achunguzwe mishipa ya fahamu na uti wa mgongo.

Nitamzaa mtoto mwenye kilema hiki?

Uwezekano huongezeka, lakini watoto wengi wa wazazi kama wewe huzaliwa na miguu ya kawaida.

Nifanye nini na maumivu?

Punguza uzito ikiwa umezidi, na usisimame kutwa nzima kama kazi inakuruhusu kukaa. Soli za kuegemeza wayo husaidia wengi. Nenda kwa daktari wa mifupa ukiwa na kumbukumbu zozote za matibabu ya utotoni. Akipendekeza kuunganisha mifupa ya kiungo kilichosagika, muulize wazi: maumivu yatapungua kiasi gani, na mguu utapoteza uwezo gani wa kujongea?