Homa, kutapika, kuharisha: kumbe ni sikio

Mwanangu ana homa, anatapika na kuharisha. Kipimo cha malaria hakioneshi kitu. Iweje niambiwe ni sikio?
Kwa sababu mhudumu amelichungulia. Mtoto mdogo hajui kusema sikio linauma. Atalia usiku akilazwa, atakataa ziwa kwa kuwa kumeza kunamuumiza, homa itapanda, na wengine hutapika au kuharisha. Wazazi wengi hutufikia wakiwa wameshampa dawa ya malaria bila kupima. Tafadhali, acheni hilo.

Ni ugonjwa gani?
Maambukizi ya sikio la kati, nyuma ya ngoma ya sikio. Mara nyingi hufuata mafua.

Usaha umetoka na homa imeshuka. Si amepona?
Hapana. Ngoma imetoboka, msukumo wa usaha umepungua, ndiyo maana maumivu yametulia. Mleteni siku hiyohiyo.

Bibi yake anasema watoto wote hutoka usaha, utakauka wenyewe.
Shikamoo bibi, lakini hapana. Usaha wa sikio si sehemu ya kukua. Ukifika siku 14 tunauhesabu kuwa ugonjwa sugu, na usikivu unaweza kupungua. Tunaletewa watoto wa shule waliochapwa kwa "utundu" na "kutosikiliza", kumbe hawasikii, na usaha ulianza kabla hawajajua kutembea. Nasema tena: usaha ukitoka sikioni, hata bila maumivu, hata bila homa, mtoto aje kituoni.

Nimwekee mafuta ya uvuguvugu au maziwa ya mama?
Hapana. Wala mkojo, wala maji ya kitunguu, wala matone yaliyobaki kwa jirani. Ngoma ikiwa imetoboka, unachomimina kinapita hadi ndani. Sokota kitambaa safi cha pamba kiwe utambi, ingiza taratibu, kikilowa toa uweke kingine mpaka sikio likauke, angalau mara 3 kwa siku. Usiache kitu ndani. Akiandikiwa antibiotiki amalize dozi, hata akianza kucheza.

Lini nisisubiri asubuhi?
Ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, sikio limesukumwa mbele, shingo imekakamaa, uso umepinda, degedege, au mtoto amelegea haamki vizuri. Hapo maambukizi huenda yameingia kwenye mfupa au yanaelekea kwenye ubongo. Mbebe usiku huohuo, hospitali na si duka la dawa.