Chumvi inayolala kwenye kichocheo

Jana nilifungua bomba la kioo baada ya saa 12 za kupitisha moshi wa maabara kwenye unga wa manganizi, metali inayotumika hapa kama kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Unga umetoka mweusi vilevile ulivyoingia. Ila mwishoni mwa bomba, palipopoa, kulikuwa na utando mweupe, na mizani ikaonyesha unga umeongezeka uzito. Kitu kimelala humo.

Kazi ya unga huu ni kukutanisha amonia na oksidi za naitrojeni, gesi chafu za moshi, ili zitoke naitrojeni na mvuke wa maji. Kichocheo cha vanadi, metali nyingine, kilichozoeleka kwenye mitambo ya makaa kinataka joto la nyuzi za Selsiasi 300 hadi 400. Moshi wa viwanda vya chuma vinavyochoma madini kuwa vibonge huwa na nyuzi 120 hadi 180 tu, na China tangu 2019 inavitaka visizidishe miligramu 50 za oksidi hizo kwa mita ya ujazo. Manganizi huanza kazi chini ya nyuzi 200, ndiyo maana tunaing'ang'ania.

Tatizo ni salfa, na hapa kikulacho ki nguoni mwako. Wepesi uleule wa manganizi wa kuoksidisha ndio unaoigeuza dioksidi ya salfa iliyomo kwenye moshi kuwa trioksidi. Trioksidi ikikutana na amonia na mvuke, inazaliwa bisalfeti ya amonia: chumvi inayonata, inayeyuka kwenye nyuzi 147, inaziba vitundu vya kichocheo.

Hiyo bado ina dawa, kwa kuwa moto huiondoa. Salfa ikishikana na manganizi yenyewe ni habari nyingine: chumvi inayotokea, salfeti ya manganizi, haivunjiki hadi upite nyuzi 700, na ukiiosha kwa maji, manganizi inaondoka nayo.

Wengi tunachanganya na seri, metali nyingine, ili salfa iikimbilie seri kwanza. Inasaidia, lakini nayo hushiba, ni kuahirisha. Kwa hiyo nikisoma kwamba kichocheo fulani "kinahimili salfa", naangalia kwanza kilijaribiwa kwa muda wa saa ngapi, na kama mvuke wa maji ulikuwemo. Saa sita za moshi mkavu hazinishtui.

Sampuli yangu sasa iko kwenye tanuri, nyuzi 400. Kesho naipima tena. Uzito ukirudi ulipokuwa, ilikuwa bisalfeti. Usiporudi, manganizi yangu imeshaliwa.